Mji Nyuma ya Égide

Giza lilianza kuingia Yeoville, mtaa wa Johannesburg. Vestine alifunga saluni, akamshika mkono binti yake Gaëlle, wakaenda studio ya picha kumuulizia Égide. Tangu Jumapili mumewe hajaonekana. Polisi walimwambia asubiri. Asubiri! Kana kwamba mume ni teksi.

Égide alionekana mara ya mwisho kwa Damien, mpiga picha Mkongomani mwenye turubai lililochorwa Bruges, mji wa kale wa Ubelgiji: mfereji, daraja la mawe, mnara wa kengele, nyumba za matofali zilizosimama majini. Warundi wengi wa Johannesburg wamepigwa picha hapo. Picha inatumwa nyumbani, nyumbani wanapiga vigelegele: mtoto kafika Ulaya! Uongo mtamu, haumdhuru mtu. Ndivyo walivyodhani.

Ndani kulinuka maji yaliyotuama. Sakafu ilikuwa kavu.

"Eish, Mama Gaëlle," Damien alinong'ona. "Alituma picha kwa mama yake. Mama akajibu kwa ujumbe wa sauti. Égide akausikiliza akiwa amesimama pale pale, mbele ya turubai. Nikageuka kidogo tu, hayupo..."

"Mama alisema nini?"

"Alimbariki. 'Mji huo ukupokee, mwanangu, usikutoe tena.'"

Vestine alimvuta Gaëlle karibu. Kwao kauli ya mzazi haianguki chini. Akainua macho.

Kwenye dirisha la mnara, ndani ya mchoro, alisimama mtu. Shati lake lilikuwa na kiraka ambacho Vestine alikishona mwenyewe, kwa uzi mwekundu.

Ngooo...

Kengele ililia. Studio ile haina hata saa ya ukutani.

Kwa mkono uliobaki alimpigia mama mkwe, kule Ngozi, Burundi. "Mama, nakusihi, tengua ile baraka! Mwambie arudi."

Mama mkwe akacheka kwa furaha. "Nimtoe Ulaya? Kanipigia leo. Anasema kuna baridi, maji yako chini ya dirisha. Analia upweke tu."

"Hayuko Ulaya, mama! Tulikudanganya!"

"Wivu huo, mwanangu. Usijali, sijawasahau. Nimetoka kupiga magoti sasa hivi. Nimemwombea Gaëlle amfuate baba yake."

Mkono mdogo ndani ya mkono wake ukalowa.

Ukawa wa baridi.

Ukateleza...

"Gaëlle?"

Juu ya daraja la mawe, ambapo awali hapakuwa na mtu, sasa palikuwa pamechorwa msichana aliyegeuza mgongo. Nywele zake zilikuwa na shanga za buluu. Vestine alizisuka asubuhi ile.

Damien alikuwa ameshaanza kulia. Simuni mama mkwe aliuliza kwa upole, "Na wewe, mkamwana, nikuombee?"

"Niombee, mama. Niombee sasa hivi!"

Akaombewa mpaka simu ikakatika. Alisimama mbele ya turubai, akalikumbatia, akalisukuma kwa paji la uso. Kitambaa kilibaki kikavu. Kauli inayofunga ni ya mzazi kwa damu yake, na mama mzazi wa Vestine alizikwa zamani katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Kila jioni bado anakwenda pale. Damien humfungulia mlango. Kengele inalia, na yule msichana hageuki.