Gari Tupu

Rafiki yangu ni mhandisi, na kazi yake ni kuponda magari ndani ya kompyuta. Siku moja bosi akamwambia, "Ndugu yangu, nifanyie ajali moja upesi, wageni wamefika." Ili hesabu iende mbio, rafiki yangu akamfuta dereva wa bandia na mfumo wote wa breki, kisha akazima taa za chumba aone skrini vizuri.

Gari tupu likavamia ukuta. Boneti ikajikunja, injini ikachana viti, kioo cha mbele kikapasuka kutoka ndani, tundu la ukubwa wa kichwa. Kompyuta ile haina spika, lakini ananiapia alisikia mtu akigumia gizani.

Akalirudisha nyuma, akaongeza mwendo.

Safari hii, kabla ya ukuta, taa za breki ziliwaka.