Unga Chini ya Miti

Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana yake, seremala alifagia msitu mdogo nyuma ya nyumba. Alikusanya majani yote, akayachoma. Miti ile aliipanda na mkewe mwaka waliooana, na aliipenda kweli.

Mwaka huu miti ilianza kukauka kuanzia juu. Chini ya mashina seremala aliona unga laini, mweupe.

"Sumu hii," alijisemea.

Mshukiwa hakumtafuta mbali. Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliishi ng'ambo ya ua. Kila siku alipita msituni kwenda kisimani. Tena aliwahi kulalamika kuwa miti inaitia kivuli bustani yake.

Tangu hapo seremala hakuwa na raha. Aliranda mbao, jicho liko dirishani. Shemeji akikohoa, randa ilisimama. Mwishowe akatia kufuli kwenye kigeti cha ua.

"Umemfungia kaka yangu njia ya maji?" mkewe aliuliza.

"Anajua alichofanya."

"Kwani ulimwona?"

"Unga nimeuona. Yatosha. Kesho naupeleka polisi."

Machozi yalimlengalenga mkewe. "Muonyeshe kwanza afisa misitu. Akisema ni sumu, sitakuzuia."

Afisa misitu alikuja baada ya wiki tatu, akafungua gazeti ambamo seremala alifungia unga ule. Hakushtuka hata kidogo.

"Nusa, fundi."

"Ninuse sumu?"

"Nusa tu."

Seremala alinusa, akanywea. Harufu ile aliijua tangu ujana wake. Ilikuwa ya vumbi la mbao.

Afisa alibandua gome. Vijidudu vyeusi vikakimbilia kwenye vitundu.

"Maseremala wenzako hawa," alisema akicheka. "Mti wenye nguvu huwafukuza kwa utomvu. Lakini hali ya hewa inabadilika. Joto limezidi, mvua zinachelewa. Mti wenye kiu hukua polepole na utomvu wake hupungua. Wadudu nao huzaana haraka kwenye joto."

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyefanya hivi?"

"Si mtu mmoja. Moshi wa viwanda, wa magari na wa misitu inayochomwa duniani kote ndio unaoongeza joto. Na wewe unaizidishia miti kiu. Majani unayochoma yangefunika udongo usikauke."

Alimwelekeza akate miti yenye wadudu na kuchoma magome yake mbali. Achimbe mitaro ya kutega maji ya mvua yazame udongoni, aache majani chini, na apande miche ya aina mbalimbali inayostahimili ukame.

Seremala alifungua kufuli, akaenda kwa shemeji yake. Aibu ilimjaa.

"Shemeji, nilidhani umeitilia miti yangu sumu. Nisamehe."

Shemeji alitua ndoo chini. "Wiki tatu nimezunguka na ndoo, nikijiuliza nimekukosea nini." Kisha akachukua shoka. "Haya, twende."

Miti tisa ilikatwa. Baada ya misimu miwili ya mvua, iliyobaki imechipua, na miche mipya imefika kiunoni. Msitu haufagiliwi tena. Kigeti kiling'olewa, mbao zake zikawa benchi la watu wawili.

Siku hizi shemeji akikohoa, seremala humuuliza kama ameshakunywa dawa.