Tulivyopatana Kuhusu Maji

Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, sisi watu wa Embu tulitolewa mashambani mwetu. Tuliwekwa katika kijiji kimoja, nyumba zimebanana, handaki limetuzunguka. Hata hivyo ninakikumbuka kijiji kile kwa upendo. Ninakumbuka moshi wa asubuhi, na mama yangu Wanjira akiimba huku akipepeta mbaazi.

Lango lilifunguliwa muda mfupi tu kila siku. Mama akienda mtoni, magugu yalimea shambani. Akienda kupalilia, tulilala na kiu. Kila nyumba ilikuwa na shida hiyo. Wanawake walisukumana mtoni, na waliochelewa kurudi walipigwa na walinzi wa lango. Siku moja jirani yetu Marcella alipigwa mpaka akavunjika mkono.

Nyamu, mkuu wa kijiji, aliita watu ili atoe amri kuhusu maji. Teresia, mwalimu wa kushona wa akina mama, alimwomba awaache kwanza wazungumze wenyewe. Nyamu alikubali.

Wanaume walianza kwa kelele. Teresia aliwaeleza kwamba kila mtu atasema bila kukatizwa. Anayepinga arudie kwanza maneno ya mwenzake, ionekane ameyasikia. Mzee Kivuti alisema wanaume watatosha kuamua.

Teresia akamuuliza kwa heshima, "Baba, ni nani anayebeba maji?"

Kivuti alifikiri. "Ni wanawake," akasema. "Basi waseme."

Mama akasimama. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema mbele ya wanaume.

"Tuungane nyumba mbilimbili," alisema. "Leo mimi nichote maji ya nyumba zote mbili, mwenzangu apalilie mashamba yote mawili. Kesho tubadilishane."

Kivuti aliyarudia maneno ya mama, kisha akauliza Marcella atafanyaje na mkono ule.

Marcella alijibu mwenyewe. "Nitawalea watoto wa wanaotoka. Nao waniletee maji."

Walijadiliana mpaka jua likaanza kushuka, wakapatana. Nyamu aliyakubali mapatano yao, wala hakutoa amri.

Tangu siku hiyo hakuna aliyepigwa kwa kuchelewa maji. Msimu ule tulivuna mbaazi, na mitungi haikukauka.

Tena, kila palipokuwa na shauri, watu walimgeukia mama. Alikuwa akivuta leso yake begani, anasimama polepole, na wanaume wananyamaza wamsikilize. Sitamani handaki wala lango. Lakini ningependa kumwona mama akisimama vile mara moja tena.