Abiria Kumi na Mmoja wa Mwezi Machi

Saloua alirudi kutoka kiwandani amenuna. Hakumsalimia mtu. Alitupa mkoba kwenye kochi, akaingia jikoni, akakata kipande cha mkate, akakichovya kwenye mafuta ya zeituni na kula akiwa amesimama. Wifi yake Naziha alikuwa ameketi mbele ya sinia, anaviringisha unga wa ngano kwa viganja kuwa chembe za kuskusi.

"Leo ni mara ya pili," Saloua alisema. "Msimamizi ameniandika. Nikichelewa tena, sina kazi."

"Umechelewa kwa nini?"

"Unaniuliza mimi, wifi? Waulize wenzako wa ofisini walioniondolea basi."

Naziha aliinamia sinia. Mikono iliendelea na kuskusi.

Naziha alifanya kazi katika shirika la mabasi la mji wao, Bir Zitoun. Kazi yake ilikuwa takwimu. Kila dereva huandika kwenye karatasi idadi ya abiria wa kila safari. Naziha huzikusanya karatasi hizo na kutengeneza jedwali. Mkurugenzi husoma jedwali, kisha huamua basi lipi libaki na lipi liondoke. Tangu mwanzo wa Mei, basi la kwanza la njia namba kumi na mbili lilikuwa limeondolewa kwa majaribio. Hilo ndilo lililokuwa likiondoka saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Basi linalofuata ni la saa moja. Kiwanda cha nguo hufunga lango saa kumi na mbili na nusu. Teksi za pamoja ni chache, na watu huzigombea.

Jedwali lililoliondoa basi hilo Naziha alilitengeneza mwenyewe. Saloua hakujua. Na kesho yake, Alhamisi, wakuu wangekutana kuliondoa moja kwa moja.

Naziha alikuwa amechanganyikiwa siku nyingi. Kila baada ya miaka mitatu shirika hupitia ratiba zake, na mwezi wa kulinganisha ni Machi. Jedwali lilisema hivi: Machi ya miaka mitatu iliyopita, abiria arobaini na wanne kwa wastani katika safari ile ya alfajiri. Machi ya mwaka huu, abiria kumi na mmoja. Alirudia hesabu mara nne. Zikatoka zile zile. Watu thelathini na watatu wamekwenda wapi?

Ofisini kila mtu alikuwa na jibu lake. Mkurugenzi, Bwana Chedly, alisema vijana wamenunua pikipiki. Karani wa tiketi alisema wamehamia Ulaya. Fundi wa gereji alisema madereva hawahesabu, wanabuni tu. Hilo la mwisho lilimchoma Naziha, kwa maana dereva wa basi lile alikuwa mumewe, Lamjed, kaka yake Saloua.

Lamjed aliingia jikoni akitafuta kahawa. Naziha alishindwa kuvumilia.

"Lamjed, niambie kweli. Machi ulikuwa unahesabu watu, au ulikuwa unaandika tu?"

Lamjed aliweka kikombe chini taratibu.

"Nilihesabu. Walikuwa kumi, kumi na mmoja, siku nyingine tisa."

"Lakini Saloua anasema basi lilikuwa linajaa."

"Ndiyo. Aprili lilikuwa linajaa mpaka mlangoni."

"Sasa kipi ni kweli?"

"Vyote viwili."

"Haiwezekani vyote viwili!"

"Basi niite mwongo, tumalize," alisema Lamjed. Alitoka na kahawa yake bila sukari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Naziha alirudi kwenye sinia. Mumewe si mwongo. Wifi yake si mwongo. Jedwali halijakosewa. Na bado mambo hayo matatu hayakupatana. Usilolijua ni usiku wa kiza, na mchana ule kiza kilimwingia hadi kwenye kuskusi. Alitia chumvi mara mbili.

Kuskusi ilipoiva, jirani yao Raoudha alibisha hodi, amekuja kurudisha sufuria. Raoudha alikuwa mtumishi wa idara ya maji. Kwa miaka kumi na tano kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya vipimo vya pampu na kuandika mji umetumia maji kiasi gani kila saa. Alionja kuskusi kama ilivyo desturi yake, akakunja uso.

"Shoga, leo umepika na bahari?"

Naziha hakucheka. Alikwenda kuchukua jedwali, akamweleza yote mwanzo hadi mwisho. Saloua alisikia naye. Sasa akajua nani alitengeneza jedwali. Alimtazama wifi yake, akageuzia uso dirishani.

Raoudha alisoma jedwali kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Hapa pameandikwa Machi," alisema. "Machi hii tulikuwa tunafanya nini?"

"Tulikuwa kazini kama kawaida."

"Kawaida ipi? Tulikuwa tumefunga."

Naziha alilivuta jedwali karibu. Kwenye karatasi za ofisi, Ramadhani haimo. Ofisi huhesabu miezi ya jua, na Ramadhani hufuata mwezi unaoandama, kwa hiyo kila mwaka huanza mapema zaidi kwa siku kumi au kumi na moja. Miaka mitatu iliyopita iliangukia Aprili. Mwaka huu ilikula karibu Machi yote. Naziha mwenyewe alifunga siku zote, akala daku, akafuturu, na bado alipokaa mbele ya jedwali aliona neno moja tu, Machi.

"Ramadhani kiwanda kilifungua saa mbili," alisema Saloua polepole. "Mimi nilikuwa napanda basi la saa moja."

"Na kumi na mmoja wa Lamjed?" aliuliza Naziha.

"Wauguzi, walinzi, waoka mikate. Wasiobadilishiwa saa," alijibu Saloua.

Raoudha aliketi. Alieleza kwamba hata kwenye maji ni hivyo hivyo. Mwezi wa mfungo, mji hauchoti maji asubuhi. Huchota kabla ya magharibi, wakati wa kupika. Mhandisi mmoja mgeni aliwahi kutaka kuzima pampu ya asubuhi kwa sababu hiyo, na nusura mji ukae na kiu baada ya Idi.

"Namba yako haikusema uongo," alisema. "Ilijibu swali ambalo hukuliuliza. Kabla ya kulinganisha, hakikisha siku zinafanana. Mfungo na mfungo, siku za shule na siku za shule. Na muulize anayeiandika namba hiyo ameona nini. Dereva unaye ndani ya nyumba, shoga, na umemwita mwongo."

"Basi nibadilishe tu, niweke Aprili?"

"Hiyo nayo ni nusu. Dereva huandika waliopanda. Walioachwa kituoni nani anawaandika? Nenda ukawahesabu."

Alfajiri ya Alhamisi Naziha alipanda gari la shirika pamoja na Lamjed. Alikuwa amemwomba radhi, na Lamjed amekubali kwa sharti la kahawa yenye sukari. Walipita vituo sita vya njia namba kumi na mbili. Katika miaka tisa ya kazi, Naziha hakuwahi kuviona saa ile. Wanawake walisimama na mikoba yao ya chakula, wanatazama barabara. Alihesabu watu hamsini na mmoja. Katika kituo cha tano alimwona Saloua akikimbilia teksi iliyojaa. Mlango ulifungwa mbele yake. Gari la shirika lilikatazwa kubeba abiria, kwa hiyo Naziha alichora kijistari tu kwenye karatasi.

Kwenye mkutano Bwana Chedly hakutaka maneno mengi.

"Machi ni Machi, Naziha. Jedwali hili nani alilitengeneza?"

"Mimi, bwana. Na mimi ndiye niliyekosea." Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. "Nimelinganisha mwezi wa mfungo na mwezi usio wa mfungo. Hii ni Aprili baada ya Idi, arobaini na watano. Na hawa hamsini na mmoja nimewaona leo kwa macho yangu."

Bwana Chedly alizisoma karatasi. Kisha aliuliza Ramadhani ilianza tarehe ngapi, akahesabu kwa vidole, akatoa uamuzi. Basi litarudi Jumatatu. Na tangu sasa kila jedwali liwe na nafasi ya kuandika mfungo, likizo za shule, na miezi ya kiangazi ambapo ofisi hufungwa mchana. Dereva naye aandike maoni yake chini ya karatasi.

Naziha alifika nyumbani mbio kutoa habari. Alimkuta Saloua kwenye kochi, mkasi wake wa kazini umefungwa ndani ya aproni.

"Mara ya tatu," alisema Saloua. "Hongera kwa basi, wifi."

Jumatatu basi lilirudi. Lamjed aliandika arobaini na sita. Ofisini walifurahi. Naziha hakufurahi. Alikwenda kwa Bwana Chedly kuomba barua ya kupeleka kiwandani, yenye mhuri, kueleza kwamba wafanyakazi wa njia namba kumi na mbili walichelewa kwa kosa la shirika. Mkurugenzi alisema shirika haliandiki barua za namna hiyo.

"Tulikubali kurekebisha jedwali," alisema Naziha. "Aliyeumia hayumo kwenye jedwali. Nikisaini mimi, utapiga mhuri?"

Alipiga. Naziha aliipeleka mwenyewe, akakaa langoni kwa muda wa saa mbili mpaka msimamizi akatoka kuisoma.

Jumatatu iliyofuata Lamjed alileta karatasi yake ofisini. Safari ya kwanza, abiria arobaini na saba. Chini, mahali pa maoni, hakuandika kitu. Naziha aliisoma namba hiyo mara mbili, akafuta macho kwa ncha ya kitambaa, kisha akaiingiza kwenye jedwali. Huyo mmoja aliyeongezeka, alimjua ni nani.