Chumvi ya Kambare

"Chai yako leo imenoga, mke wangu," mumewe alisema, akakitua kikombe kitupu mezani.

Mke ndiyo kwanza alikuwa ameionja yake, akaitema. Alikuwa amekosea kopo. Haikuwa sukari ile, ilikuwa chumvi ya matangi ya samaki, aliyokuja nayo kutoka maabara anakofanya kazi.

"Imenoga?"

"Sukari kiasi chake."

"Nimetia chumvi, bwana. Vijiko vitatu."

Mume akakichukua tena kikombe. Mwonjaji chai wa kiwanda kizima, mtu ambaye mameneja humngoja aitikie kwa kichwa ndipo gunia liuzwe, alikikodolea macho kikombe kama kimemsengenya.

"Kambare wangu wangeijua chumvi hiyo kwa mkia," mke alisema. "Wana vinundu vya ladha mwili mzima, mpaka masharubuni. Wewe umepewa ulimi, nao umekufa. Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

"Miezi mitatu. Na kiwandani unaonjaje?"

Kabla hajajibu, simu yake ikatetemeka mezani. Mke akaiwahi, akasoma kwa sauti. Ujumbe ulitoka kwa Kijiko, kama walivyombandika jina mwanamke anayeonja chai naye meza moja:

"Jumamosi usichelewe, wazee wangu wanakungoja. Ukinirusha, utajionjea mwenyewe."

"Anakuonjea?"

"Ananigusa kwa kiwiko. Mara moja, chai nzuri. Mara mbili, mbovu."

"Na ujira wake ni ndoa."

"Nisipomwoa atanisema kwa wakubwa. Wangenifukuza. Ningekuwa nani mimi?"

"Mume wangu. Hukuiona hiyo kuwa kazi?"

Akainamisha kichwa. Mke hakupaza sauti. Alisema polepole, kama anayemweleza mgonjwa dawa iliyokwisha muda.

"Kinundu cha ladha hakiishi hata wiki mbili. Kinakufa, kingine kinazaliwa pale pale, ilimradi mshipa wa fahamu uwe hai. Nimewakata kambare mishipa ya masharubu, vinundu vikatoweka. Mshipa ulipoota, vikachipua upya. Samaki kwa mtu, ni yale yale. Ulitakiwa usubiri tu."

"Sikujua."

"Unalala na anayejua, unakwenda kuuliza kiwiko."

"Nisamehe, mke wangu. Nilikuonea aibu."

"Basi kesho ingia kazini, waambie ulimi unaumwa. Nitakuja nawe, nitawaeleza mwenyewe."

Mume aliitazama simu. Akamtazama mkewe. Kisha akaitazama tena simu.

"Nipe muda," alisema.

"Nimekuelewa."

Mke akainuka, akavikusanya vikombe vyote viwili, akaviosha, akavifuta. Halafu akaenda chumbani kufunga nguo zake mwenyewe.

Jumamosi mume hakuchelewa.

Harusi ya Kijiko ilikuwa imeshapoa midomoni mwa watu siku simu ya mke ilipolia maabara, mikono yake ikiwa majini. Aliifuta mikono kwa koti, akasoma:

"Mke wangu, ulimi umerudi. Leo nimeisikia chumvi, nikakukumbuka. Naweza kuja?"

Akaandika:

"Mkeo ni huyo wa kwenye kiwiko. Mwambie yeye."

Akaizima simu, akanyunyiza chakula tangini. Kambare wakajongea wakiwa wamefumba midomo, masharubu yakipapasa maji, wakikionja kwanza kabla ya kukimeza.