Fundi wa Dari ya Cempaka

Jumapili ile ukumbi wa muziki wa Cempaka, katikati ya Bandung, ulifurika wageni waliokimbia mvua. Sekar, mtembeza wageni, blauzi yake ya kebaya ya kijani imemkaa sawasawa, aliwaonyesha jukwaa la mbao za msaji, viti mia tisa, lifti ya wasiojiweza, kisha dari ya plasta iliyochongwa maua.

"Kona ile haina maua," alisema. "Mwaka sitini na nane fundi wake alipanda kalewa chakari, akadhani ana mbawa!"

Wakaangua kicheko, isipokuwa kijana mmoja mrefu mwenye shati la batiki. Akamfuata hadi mlangoni.

"Dada, hadithi hiyo umeitoa wapi?"

"Niliikuta kazini," Sekar alisema akicheka. "Haijakuchekesha, kaka?"

"Wewe ndiye umenichekesha."

Jina lake Yayan. Miezi mitatu simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?" Sekar huuliza.

"Nitashibaje bila wewe?"

"Basi kufa njaa!"

Ikawa hivyo hadi Yayan alipompeleka kwa mama yake, Bi Entin. Ukutani ilining'inia picha ya mwanamume aliyeshika mwiko wa plasta.

"Baba yangu huyo," alisema Bi Entin akimmiminia chai. "Alifia Cempaka, nina miaka sita. Kiunzi cha mianzi kilikatika. Wakuu wa kazi wakasema alilewa. Mtu asiyejua hata ladha ya pombe!"

Sekar aliweka kikombe mezani. Akasingizia kichwa kinamuuma, akaondoka karibu mbio. Siku nne hakupokea simu. Ya tano akapokea.

"Ulijua tangu siku ya kwanza," alisema huku analia.

"Nilikufuata mlangoni nigombane nawe. Halafu ukacheka, Sekar. Kila nikitaka kusema, naogopa kukizima kicheko hicho."

"Bora ungekizima! Jumapili mlete mama."

Bi Entin alikaa safu ya mbele. Sekar alisimama mbele ya wageni arobaini, uso unamwaka.

"Dari hii aliipamba fundi Karta. Alianguka kwa sababu kiunzi kilikuwa kibovu. Miaka miwili nimemwita mlevi ili watu wacheke. Nimemkosea, na binti yake yupo hapa."

Hakucheka mtu. Sekar aliinama, akaona ndara za Bi Entin zinakuja, zikasimama mbele yake.

"Yayan," mama aliita, "kesho tunakwenda kwao kuposa."

Kisha akateremsha sauti. "Na wewe inua uso, binti. Sitaki mkwe wa kutazama viatu vyangu."