Tope Kwenye Rejeta

Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ilikuwa kuosha pikipiki ya Mama. Mama ni muuguzi, na siku hiyo huzunguka nyumba kwa nyumba kuwaosha vidonda wagonjwa wasioweza kutembea. Mimi nyumbani walinipachika jina la Profesa, kwa sababu ukinieleza jambo lolote nakukatiza na kusema, "Najua."

Kwa hiyo fundi wetu wa pikipiki aliponifundisha kusafisha rejeta, kile kisanduku chembamba kinachopoza maji ya injini, nilimsikiliza nusunusu.

"Ngoja injini ipoe kabisa," alisema. "Tumia brashi laini na maji ya taratibu. Vibati hivi ni vyembamba kama karatasi. Vikilala, hewa haipiti vizuri."

"Najua, fundi," nilimjibu.

Jumamosi iliyofuata rafiki zangu walikuwa wakinisubiri uwanjani. Brashi laini niliiona inanichelewesha, nikachukua ya waya, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Nilipomwagia maji, niliona vibati kadhaa vya katikati vimelala na kubanana. Badala ya kumwita Mama, nilichota tope mtaroni, nikalipaka pale kwa kiganja mpaka palipoharibika pasionekane.

Mama akatoka na mkoba wake. "Profesa, mbona huku mbele bado kuna tope?"

"Limeganda, Mama. Nitalitoa ukirudi."

Alitazama saa, akavaa helmeti, akaondoka.

Haikupita saa moja akarudi akiisukuma pikipiki, jasho likimtiririka. Fundi, ambaye karakana yake iko mtaa wa pili, alikuwa akimsaidia kwa nyuma.

"Imechemka njiani, na mzee wa watu ananisubiri na kidonda chake," Mama alisema. "Fundi, juzi tu umeitengeneza. Kumbe umelipua kazi."

Fundi alisimama akifuta mikono kwenye suruali, mtu mzima, akisemwa mbele yangu kwa kosa langu. Nikaona heri nijitie shughuli. Nilinyoosha mkono nifungue kifuniko cha rejeta, niongeze maji. Fundi akanidaka.

"Usifungue ikiwa ya moto, mwanangu. Maji yatakurukia yakubabue uso."

Hapo nilishindwa. Niliyemwacha asemwe ndiye aliyeokoa uso wangu. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka.

"Mama, si fundi," nilisema nikitazama miguu yangu. "Ni mimi. Nilitumia brashi ya waya, halafu nikapaka tope ili usione."

Mama hakunigombeza. Angenigombeza, ningepata nafuu. Alimgeukia fundi akasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekusema bure." Kumwona Mama akiomba radhi kwa ajili yangu kuliniuma kuliko kofi. Kisha akachukua mkoba, akaenda kwa yule mzee kwa miguu.

Injini ilipopoa, fundi alinipa bisibisi nyembamba. Akaniuliza kama najua pa kuanzia. Neno langu lile lilinijia mdomoni, nikalimeza.

"Sijui, fundi. Nionyeshe tena."

Tulilitoa tope kwa maji ya taratibu, kisha nikanyoosha vibati kimoja kimoja, polepole, shingo ikiniuma. Mama aliporudi alasiri, amechoka na viatu vimejaa vumbi, injini ilikuwa ikinguruma bila kuchemka.

"Vibati vilivyolala vilikuwa vichache," fundi aliniambia mbele yake. "Pikipiki ingefika kwa mzee na kurudi. Kilichoziba hewa ni lile tope. Kosa lako lilikuwa dogo, mwanangu. Kulificha ndiko kulikochemsha injini."

"Na kesho utanibebea mkoba," Mama akaongeza. "Ukamwombe radhi mzee wa watu kwa mdomo wako. Ukikosea, njoo useme mapema, kabla mwingine hajaumia. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama," nilijibu. Nikaenda kuitupa ile brashi ya waya.